Brussels kwa mwanafunzi wa Kigoma: nyota nne, na Kifaransa uanzie huku huku

Nimerudi Ujiji tangu Oktoba, na haipiti wiki bila mtu kunisimamisha soko la Mwanga aniulize: dada, Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, kunasomeka? Nilikaa kule miaka miwili nikisoma shahada ya uzamili kwa ufadhili wa VLIR-UOS, shirika la vyuo vikuu vya Ubelgiji vya upande wa Kiholanzi. Naweka hapa jibu langu ili mdogo wangu yeyote anayejaza fomu alisome kwa utulivu. Natoa nyota nne kati ya tano.

Kwenye masomo sina lawama hata moja. Kozi inaitwa Oceans & Lakes, ni ya bahari na maziwa, na inaendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya VUB hapo Brussels, Ghent na Antwerp. Inafundishwa kwa Kiingereza. Niliondoka hapa nikiamini dagaa wanapungua kwa sababu wavuvi tumekuwa wengi, basi. Nimerudi nikijua na upande wa pili: maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kinapungua hata kama hakuna mtumbwi ulioingia majini. Kwa mtoto aliyelelewa na pesa za mwalo wa Kibirizi, somo hilo peke yake lilistahili safari.

Nyota niliyoipunguza ni ya lugha, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo wengi wetu tunapoumia. Kozi ni ya Kiingereza, lakini maisha si ya Kiingereza. Brussels kisheria ina lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, hata vibao vya mitaa vinaandikwa mara mbili. Ukitoka nje ya geti la chuo, kwa mwenye nyumba, duka la dawa, fundi bomba, kote ni Kifaransa.

Jiji limegawanyika katika manispaa 19, na ukifika lazima ujiandikishe kwenye manispaa unayoishi. Ukishajiandikisha, polisi wa mtaa anakuja nyumbani kuhakikisha kweli unaishi pale. Anatafuta jina lako kwenye kengele ya mlango wa chini. Langu halikuwepo, kwa sababu hakuna aliyeniambia nilibandike. Akaja, hakuniona, akaacha karatasi. Nikaiona, nikadhani ni tangazo la duka, nikaitupa. Akaja tena, ikawa vilevile. Kitambulisho cha ukaazi kikachelewa, na bila kitambulisho benki haikunifungulia akaunti. Nilikula mchele mtupu na maharage ya kopo zaidi ya mwezi mzima kwa pesa ya kukopa kwa Mtanzania mwenzangu. Yote hayo ni kwa karatasi moja ambayo mtu wa Kifaransa cha darasa la kwanza angeielewa.

Chumba nacho kilinifunza. Kule chumba cha mwanafunzi wanakiita "kot", na kodi yangu ilikuwa Euro 480 kwa mwezi, dhamana ya miezi miwili. Mkataba ulikuwa kurasa tisa za Kifaransa. Nikasaini. Siku ya kuhama mwenye nyumba akanikata Euro 300 za kupaka rangi ukuta, akanionyesha kifungu ambacho kweli kilikuwepo na saini yangu ilikuwa chini yake. Nilipanda treni ya uwanja wa ndege nikiwa na uchungu, na mpaka leo sijui kama alinionea au alinidai haki yake. Kutojua huko ndiko kunakoniuma.

Na sisi wa Kigoma hatuna udhuru! Mtu wa Dodoma atakitafuta Kifaransa kwa tochi. Sisi watu wa Kigoma, Warundi na Wakongo tunanunua nao, tunasali nao, tunaoana nao. Bandarini Kifaransa kinasemwa mbele yetu tangu tukiwa wadogo na tunakipita kama kelele za boti. Tafuta mwalimu Mrundi au Mkongo aliyesoma kwao, kaa naye jioni miezi sita kabla ya kusafiri. Jifunze kusoma barua na mkataba kwanza, stori za kahawa zitakuja zenyewe.

Sasa niseme kwa nini nyota nne zimebaki.

Ukishuka metro kituo cha Porte de Namur, unaingia mtaa wa Matongé, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Kuna saluni za kusuka mlango kwa mlango, vitenge, simu, na maduka ya chakula. Pembeni yake kuna uwanja uliopewa jina la Lumumba mwaka 2018. Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa na kile kilio cha tumbo ambacho wali haukitulizi. Nikauliza bei ya unga wa muhogo kwa Kifaransa changu kibovu. Mama muuzaji akanitazama, akasema, "Dada, unatokaka fasi gani?" Nikamwambia Kigoma. "Kigoma? Basi weye mutoto ya kwetu," akasema, kwao ni Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nikalia pale pale mbele ya wateja.

Kwa ubora wa bidhaa: unga wa muhogo mzuri, mawese mazuri, sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa inafaa ukiiongezea karanga. Migebuka huipati kila siku. Uliza kwa jina la Warundi, mukeke. Dagaa ndio tatizo. Nilinunua duka moja la jirani, si la huyo mama, wakawa wamepauka na wananuka gunia. Nikawamwaga.

Ramadhani nayo ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Molenbeek, moja ya zile manispaa za Brussels, Wamoroko wamejaa, nyama ya halali ipo kila kona. Mwishoni mwa Machi wenyewe wanasogeza saa mbele, kwa hiyo futari iliruka saa nzima kwa usiku mmoja, na mwisho wa mfungo tulikuwa tunafuturu baada ya saa 2 usiku. Jirani yangu Mmoroko aliniletea supu ya harira karibu kila siku. Baridi utaizoea. Giza la Desemba, jua kuchomoza saa 2:40 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni, hilo ni gumu zaidi. Toka nje mchana hata kama huna pa kwenda.

Pa kwenda papo: panda tramu namba 44 mpaka Tervuren, inapita msituni, ukaone jumba la makumbusho ya Afrika. Nilisimama mbele ya samaki wa Tanganyika waliotiwa kwenye chupa za kimiminika, na lebo zenye majina ya zamani, Albertville, Usumbura, yaani Kalemie na Bujumbura za leo. Samaki wetu wamepoteza rangi wakiwa mbali namna ile. Nilikaa mpaka wakafunga.

Kuhusu mizigo, Umoja wa Ulaya unazuia nyama na maziwa kutoka nje, ila samaki wa matumizi yako wanaruhusiwa mpaka kilo 20. Kwa hiyo beba dagaa wa Kibirizi waliokauka vizuri, funga mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Na ukifika Matongé, muulizie yule mama wa Kalemie, mpimie bakuli moja. Alikuwa akiniambia kila mara kwamba hajaonja ndagala, ndio hao dagaa, wa ziwa tangu aondoke kwao.