Mpira na masomo ya Jumamosi kwa wasichana, Kisumu Ndogo Malindi: nyota 4 kati ya 5

Mwanangu ana miaka 14 na huu ni mwezi wa 8 anaenda, kwa hivo siandiki ya kuambiwa. Ni ile programu ya wasichana kwenye kiwanja cha shule huku kwetu Kisumu Ndogo, bure kabisa, inaanza saa 9 mchana, kwanza masomo alafu mpira. Nimewapa nyota 4, ile moja ntawaeleza nimeikata kwa nini.

Mwanzo mimi sikutaka. Mwaka juzi walikuja watu wengine na gari kubwa, siwataji, wakawavalisha watoto jezi mpya wakawapiga picha wee, kufika jioni jezi zikavuliwa zikarudi garini na hatukuwaona tena. Mwanangu alilia ile siku, nikasema basi, mpira umeisha nyumba hii. Na nyanyake akakazia, mtoto wa kike na mpira wapi na wapi, na mtandio je, atauvua mbele ya wanaume?

Kilichonigeuza ni daftari. Kochi wao ni msichana wa miaka 20 hivi, yeye mwenyewe alianzia hapo hapo akiwa mdogo, na kila Jumamosi anaandika nani kaja nani hakuja. Mwanangu akakosa mara mbili mfululizo manake nilipata oda ya mahamri ya harusi nikamuweka anisaidie kukanda. Jumatatu jioni nasikia hodi, natoka ni kochi, kaja kwa mguu kutoka Muyeye jasho linamtiririka. Hakunigombeza hata kidogo. Akavuta mbuzi akakaa akaanza kunikunia nazi ya mbaazi huku tunaongea, akasema mama nimekuja kuuliza tu kama anaumwa. Nazi mbili alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu ndani, na tukapatana nikiwa na oda nimjulishe mapema, mtoto aje walau masomo. Miaka yote ya shule hakuna mtu aliyewahi kuja mlangoni kwangu kuuliza mwanangu yuko wapi.

Nyanyake nilimuonyesha kwa simu yule Nouhaila Benzina wa Moroko aliyecheza Kombe la Dunia la 2023 na hijabu yake kichwani, nikamwambia FIFA wenyewe waliruhusu tangu 2014. Akaangalia kimya, kesho yake akakata kitambaa chepesi akamshonea mjukuu wake hijabu ya mpira, fupi, isiyofika mabegani, na mpaka leo ndio anayovaa.

Alafu kuna mambo ya pedi, na hapa wazazi wenzangu msione haya kusoma. Kuna ndoo ya plastiki yenye mfuniko pale wanapobadilishia nguo, msichana anafungua anachukua, haombi mtu, haandikishi. Sheria ya 2017 inasema serikali iwape wasichana wa shule za umma pedi bure, lakini shuleni kwa mwanangu muhula huu zinakuja, muhula ujao hakuna. Mimi mamake sikujua kwamba kila mwezi alikuwa anakosa shule siku 3 na ananiambia ni tumbo tu. Niliumia sana kuligundua hilo, nilikuwa nauza mahamri kutoka alfajiri na kitu kidogo hivo kikanipita.

Masomo yenyewe ni mkekani chini ya mwembe, hesabu na Kiingereza zaidi, si mabaya. Wanachofundisha vizuri hasa ni kujilinda: disco matanga (zile ngoma za usiku msibani), wanaume wa kuahidi simu, ukiguswa unamwambia nani. Namba 116, ile simu ya msaada kwa watoto, wote wanaijua kwa kichwa. Na kuna msichana mmoja alizaa akiwa kidato cha 2, mtoto wake analazwa kwenye leso pembeni ya kiwanja wenzake wanampokezana naye mama anacheza winga. Walienda na mzazi wake hadi ofisini kwa mkuu wa shule akarudishwa darasani, manake hio ni haki yake, sera ya kuwarudisha wasichana waliozaa iko tangu 1994, ni vile wazazi wengi hatuijui tunawaozesha.

Sasa ile nyota. Viatu ni vichache, wanavaliana zamu, mwanangu anacheza na njumu kubwa katia karatasi mbele, hilo nimewasamehe. Saa sijawasamehe. Mechi inaisha adhana ya magharibi ishalia, na ile njia ya nyuma haina taa hata moja, watoto wanarudi wawili wawili gizani kupita maskani za vijana. Huwezi kumfundisha msichana kujilinda kutoka saa 9 alafu saa 12 na nusu umuachilie gizani. Waanze saa 8, madrasa watoto washatoka, ama wakate masomo yaende Jumapili.

Nimemwambia kochi, anasema si yeye anayepanga. Jumamosi hii naenda na mahamri ya watoto wote na nitaongea na wanaopanga. Wazazi wa Muyeye na Maweni mlio na wasichana pale njoni tuwe wengi.