Vidonge vya kranberi kwa UTI inayojirudia, maoni yangu
Jamani nyie mnaosumbuliwa na UTI ya kwenda na kurudi, hii ni yenu. Vidonge vya kranberi, lile tunda dogo jekundu, navitumia muda sasa, vile vya kopo vya famasi, na navipenda kwa kweli, ila kwa kazi yake, na kazi yake ni kuzuia sio kutibu. Hapo ndo wauzaji wanapotupiga, duka moja la tiba asili hapa Dar kaka wa watu ananiambia dada achana na antibayotiki kabisa, hizi zinatibu UTI sugu na zinasafisha mpaka kizazi, we! kizazi na kibofu wapi na wapi.

Iko hivi, UTI nyingi za sisi wanawake zinaletwa na bakteria anaitwa E. coli, anatokea njia ya haja kubwa, na mrija wetu wa mkojo ni mfupi, kama sentimita 4 tu, so akifika kibofuni ananata ukutani anaanza kuzaliana. Kranberi ina kitu kinaitwa PAC kinamzuia asinate. Ila ukiona mkojo umeshaanza kuunguza ujue keshanata, kidonge hakimng'oi. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, walijumlisha tafiti 50 wakakuta kwa wanawake wenye UTI za kujirudia, hatari ya kuugua tena inapungua kama robo hivi, na kwa mtu anayeugua kila mara robo sio ndogo.

Ukinunua geuza kopo usome, tafuta PAC miligramu 36 kwa siku, ndo kiwango kilichotumika sana kwenye tafiti. Kama hawajaandika PAC acha. Juisi za boksi nyingi ni sukari tu. D-mannose, aina ya sukari inayouzwa kama kinga ya UTI, inasifiwa mno lakini Uingereza waliijaribu kwa wanawake 598, matokeo yakatoka 2024, gramu 2 kila siku miezi 6 na haikuipita ile ya bandia isiyo na dawa, hela hiyo bora ununue maji ya kunywa.

Kinachoniuma ni wadada wanaokunywa mitishamba huku wana homa, wanatapika na ubavu unauma, hiyo imeshapanda kwenye figo, nenda hospitali leo leo. Mjamzito nawe usijitibie nyumbani. Na ukifika omba waoteshe mkojo, maana ndo wanajua dawa gani inamuua huyo mdudu wako, sio kupewa antibayotiki ya cipro kwa mazoea. Unatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda? Muulize daktari kwanza kabla ya kranberi.

Bei imechangamka, ila kopo likiisha nanunua lingine.