Mpelelezi mama au mpelelezi afande, we unachukua ipi?

Mi nimesoma sana hizi stori za upelelezi, zile ambazo mpelelezi ni mzazi wa kawaida tu na zile za afande, na tofauti naiona kwanza kwenye maswali. Afande anaingia na kitambulisho, anauliza ulikuwa wapi saa tatu usiku, utajibu tu. Mama hana kibali cha kupekua wala maabara ya alama za vidole, kwa hiyo inabidi apige stori pale getini akisubiri watoto watoke shule, na hapo ndo utamu ulipo maana watu hawajichungi wakiongea na mtu aliyebeba begi la mtoto lenye zipu mbovu. Na dalili zenyewe ni za nyumbani nyumbani, viatu vya jirani vina tope na mvua haijanyesha wiki nzima, mama lazima aone, yeye ndo anafua soksi. Damu huioni, mauaji yanatokea pembeni, unasoma hadi usingizi unakuja bila kuangalia mlango mara mbili.

Ya afande iko poa ukitaka kujua kazi inavyoenda, maiti kupimwa, ushahidi kutunzwa hadi mahakamani. Ila ukiwa umechoka, mh.

Shida ya mama sasa: maiti ya tatu mtaa uleule, jamani, na hakuna anayehama! Na watoto wanapotea kurasa hamsini nzima, nani anawapikia? Bado nachukua ya mama, ila mwandishi akishawafanya polisi wajinga ili mama aonekane mjanja, nafunga kitabu.