Vikombe vya plastiki inayooza mgahawani kwangu Moshi: kwa juisi sawa, kwa mtori hapana

Nina kimgahawa karibu na soko la Mbuyuni, nauza juisi ya parachichi, mtori na chai ya tangawizi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini vikombe vya kubebea vinywaji vimebaki plastiki ile ile. Msambazaji aliponiletea vikombe vya PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mahindi, nilivipokea kwa mikono miwili.

Kwa juisi baridi sina neno. Vinang'aa, havina harufu, mfuniko unabana barabara.

Mtori ndio uliovishinda. PLA huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na mtori ulioepuliwa sasa hivi umeshapita hapo. Kikombe kilinywea mkononi mwa mteja. Kwenye boksi hakuna onyo lolote, na hilo limeniudhi sana, maana mtu angeweza kuungua.

Lakini ninachotaka hasa wenzangu wajue ni hii ahadi ya kuoza. Kuoza vinaoza, ila kwenye mitambo ya mboji inayotunza joto la nyuzi kama 58, pamoja na unyevu na hewa ya kutosha. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya plastiki iwe imegeuka hewa ya kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 6, kwa hali hiyo ya mtamboni. Shimo la taka la mtaani halina joto hilo, sembuse mtaro. Nilifukia vichache kwenye samadi kihambani kwa mama. Mvua za masika zilipokwisha nikafukua: vimepauka na kupata nyufa, lakini bado ni vikombe. Bakuli la makapi ya miwa nililolifukia pembeni lilikuwa limebaki nyuzinyuzi tu.

Kwa hiyo chakula cha moto nimekihamishia kwenye mabakuli hayo ya makapi. Yanahimili moto, ingawa mchuzi ukikaa sana kitako hulowa. Yanatoka nje ya nchi, na hapo ndipo roho inaniuma: kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Arusha Chini, na makapi yake huchomwa kuzalisha mvuke na umeme. Sehemu yake ingetosha kututengenezea vyombo.

Vikombe vya PLA ni ghali kuliko vya kawaida. Nitaendelea kuvinunua kwa juisi ya kubeba tu. Anayekunywa hapa hapa nampa glasi.