Gitaa la umeme la kujitengenezea Mombasa: shingo kwanza, mbao baadaye

Wengi wanaoanza kujitengenezea gitaa la umeme hukimbilia mbao. Wanazunguka kwa mafundi wa samani wakitafuta ubao wenye rangi nzuri, na pesa zikishapungua ndipo wanakumbuka shingo. Geuza mpango huo. Sauti ya gitaa la umeme inadakwa na pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Mbao zina mchango wake, lakini ni mdogo kuliko zinavyosifiwa. Shingo ikipinda, hata pikapu za bei ghali hazitakusaidia. Na kwa unyevu wetu wa Pwani na hewa ya chumvi, shingo hupinda kweli na vyuma hushika kutu kweli.

Shingo ninayoiweka ya kwanza ni ya mepo iliyookwa, iliyonunuliwa tayari. Mepo ni mti wa nchi za baridi. Mbao yake ikiokwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo hugeuka kahawia na haifyonzi tena unyevu kama zamani. Bei yake iko juu kidogo, na kama kuna mahali pa kuongeza pesa katika kazi nzima, ni hapa. Ya pili ni mepo ya kawaida, mradi imepakwa vanishi kila upande. Ya tatu ni kujichongea kwa vipande vitatu vya mkangazi au mvule vilivyogundishwa, nyuzinyuzi za mbao zikielekeana kinyume ili kipande kimoja kizuie kingine kupinda. Hiyo ya tatu siipendekezi kwa gitaa la kwanza. Fundi wa vitanda hata awe hodari vipi, kukata mifereji ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ni kazi nyingine kabisa. Nusu milimita ikikosewa, noti haikai sawa.

Kabla ya kulipa, ishike shingo kwa kichwa uitazame kwa urefu, jicho moja limefumbwa. Ikiwa imejinyonga kama kamba, irudishe. Mpindo wa kwenda mbele au nyuma unarekebishika kwa chuma kilichomo ndani, na kizuri zaidi ni kile kinachosukuma pande zote mbili, hakikisha kinazunguka. Pitisha kiganja pembeni mwa freti: zikikukwaruza, kuna kazi ya tupa inakusubiri. Halafu pima kutoka pale nyuzi zinapoanzia kichwani hadi freti ya 12, uzidishe kwa mbili. Kwa shingo za mtindo wa kampuni ya magitaa ya Fender utapata 648 mm, kwa mtindo wa kampuni ya Gibson karibu 628. Namba hiyo ndiyo inayoamua daraja la nyuzi, kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi, likae wapi, na fundi asitoboe tundu hata moja kabla ya kuijua.

Kwenye vyuma, daraja lisilocheza linashinda lile lenye mkono wa kutikisia nyuzi. Lenye mkono linahitaji springi na shimo kubwa mgongoni, na kila springi ni mahali pengine pa kutu. Tazama hasa viskrubu vidogo vya kuinulia nyuzi. Vya bei ya chini hupakwa rangi ya fedha juu tu. Chumvi ikiingia vinaganda, na siku ya kurekebisha kimo cha nyuzi kichwa cha skrubu kinalika chote. Tafuta vya chuma kisichoshika kutu, au vya shaba ya manjano. Funguo za kukazia nyuzi chukua zilizofunikwa, zenye grisi ndani. Za 18 kwa 1, yaani unazungusha ufunguo mara 18 ili kigingi cha uzi kizunguke mara moja, zinakupa utulivu wa kutafuta sauti kuliko za 14 kwa 1.

Sasa mbao. Unahitaji ubao wa unene wa 45 mm, urefu wa sentimita 50 na upana wa 35. Ukiunganishwa vipande viwili au vitatu hakuna ubaya. Mkangazi mkuukuu ndio bora: ni mwepesi, unakubali patasi, na ukitoka kwenye kabati au mlango wa zamani umeshakauka. Chunguza misumari iliyobaki na vitundu vya bungua vinavyotoa unga. Nafasi ya pili naipa mgrevilea na mwembe. Mwarobaini, ambao wachongaji wa vinyago wa Changamwe wanautumia sana, ni wa jamii moja na mkangazi, nao unafaa ukivumilia uzito wake. Mvule ni imara ajabu, ila ndani yake huwa na chokaa ngumu inayoua makali ya randa, na vumbi lake huwasha, funika pua. Mpingo usiufikirie kwa mwili wa gitaa, kwani ni mzito hata huzama majini. Kipande chembamba cha kupangia freti kinatosha. Tena tangu 2017 jamii yote ya mpingo inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuusafirisha nje kuna karatasi zake.

Msunobari mbichi ni wa mwisho kabisa. Mti wenyewe hauna kosa, maana gitaa la majaribio la Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni ya Fender, la 1949 lilikuwa la msunobari. Tatizo ni maji. Neno la muuzaji kwamba ubao ni mkavu lisikutoshe. Upime kwenye mizani kila wiki, ukiendelea kupungua uzito usiuguse. Ukishachonga, paka vanishi kote, mpaka ndani ya mashimo.

Kwa umeme, pikapu za koili mbili kwanza, kwa sababu zinapunguza mvumo wa nyaya za ukumbini. Zipe kitufe cha voliumu chenye ukinzani wa kilo-omu 500. Za koili moja zipe 250. Usisahau waya wa ardhi unaogusa daraja.

Shingo na daraja vikishafika mkononi, mpelekee fundi vyote viwili. Mwache apime mwenyewe upana wa kisigino cha shingo, ile sehemu inayoingia mwilini, mara nyingi ni 56 mm, achonge tundu linaloshika shingo kabla hata ya skrubu kuingia.