CV jointi ya Spacio: nimebadilisha mwenyewe nyumbani, kilichonitoa jasho ni taa ya ABS

Gari ni Spacio new model, NZE121 gia otomatiki, naitumia kila siku kutoka Goba kwenda mjini na barabara zetu huku ndani mnazijua, mawe na makorongo, mvua ikinyesha ndo usiseme. Ikaanza kulia tak tak tak tak nikikata kona ya kushoto huku nakanyaga mafuta. Nikinyoosha kimya, nikikata kulia kimya. Gereji ya jirani fundi akaizunguka mara moja, hata jeki hakupiga, akaniambia "bosi hapo shafti zote mbili zimekufa, na beringi tubadili kabisa". Bei aliyotaja nikasema sawa fundi, ngoja nikajipange.

Kujipanga kwenyewe ndo nikaingia chini ya gari na tochi ya simu. Raba inayofunika CV jointi ya nje (kiungo cha mwisho wa shafti inayozungusha tairi la mbele) upande wa kulia, ile ya karibu na tairi, imechanika kwenye mkunjo imeachama kama mdomo wa samaki, grisi imerushwa ndani ya rimu yote nyeusi imeganda na vumbi. Nikachovya kidole nikasugua, mchanga unausikia kabisa. Hapo jibu lishapatikana, ukikata kushoto uzito unalalia tairi la kulia kwa hiyo jointi ya nje ya kulia ndo inabeba mzigo na ndo inalia. Ingekuwa ya ndani, ya upande wa gia boksi, ningesikia gari inatetemeka nikiongeza mafuta, sio tak tak ya kwenye kona. Raba za kushoto nikazipapasa zote nzima, tairi nikaliinua nikalizungusha kwa mkono, beringi kimya. Yaani kati ya vitu vyote alivyovitaja fundi kilichokufa ni kimoja.

Nikaenda Gerezani nikanunua seti ya CV jointi moja, mpya, sio ya Toyota yenyewe, 55,000. Ndani ya boksi kuna jointi, raba, paketi ya grisi nyeusi, klipu mbili za raba, sakili klipu ndogo (pete ya waya inayofungia jointi kwenye shafti) na nati mpya. Muuzaji kaniuliza aina ya gari na injini, kingine hakuuliza na mimi nikajifanya mjuaji sikuongeza neno. Hilo mlikumbuke.

Jumamosi asubuhi nikamwita shemeji yangu tukaanza. Nati ya shafti ni namba 30 na ina mdomo wake uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, huo unauinua kwanza kwa tindo la sivyo unaharibu nyuzi. Na ilegeze gari likiwa chini bado, tairi limefungwa, mtu amekanyaga breki. Sisi tulivalisha bomba la futi nne kwenye mpini wa spana, shemeji akaning'inia, ikatoa mlio kama risasi nikajua tumekata kitu kumbe imeachia tu. Baada ya hapo jeki, STENDI (tofali msijaribu jamani), tairi nje, boliti moja na nati mbili zinazoshika boli jointi (kiungo cha habu ya tairi) kwenye mkono wa chini, zote 17, habu ikafunguka ukaisukuma pembeni shafti ikatoka.

Sikutaka kuchomoa shafti kwenye gia boksi maana oili ya gia inamwagika na sili inaweza ikaumia, hivyo tuliigongea jointi hapohapo, kipande cha chuma laini na nyundo, tunagonga ile sehemu nene ya ndani. Pigo la tatu ikaruka. Shida shemeji kabla ya hapo alikuwa anaivuta shafti kwa nguvu, nikasikia kluk, zile roli tatu za jointi ya ndani zimetoka kwenye nyumba yake. Nikamwambia "shemeji ungeniuliza!" akasema "shemeji si umesema vuta?" Nilisema shika. Ikabidi nifungue klipu ya raba ya ndani nizirudishe, lisaa limekwenda.

Sehemu ninayotaka mwenye kujaribu aisome mara mbili ni hiyo sakili klipu. Inakaa kwenye mfereji mwisho wa shafti na inapenda kuning'inia upande mmoja, ukigonga hivyohivyo jointi haiingii au klipu inakatika. Mimi niliipaka grisi nzito ikae katikati, nikaingiza jointi taratibu mpaka imeigusa, nikagonga pigo moja la moyo, tap, ikaingia. Halafu vuta jointi yenyewe kuhakikisha haitoki. Na raba uwe umeshaivalisha kabla! Najua mtu aliyesahau, anaandika hapa ila siku hiyo alikumbuka baada ya kushtuliwa na shemeji.

Grisi ya paketi ilitosha kwa kubana bana. Klipu za kwenye boksi ni uozo, moja ilikatika nikiikaza, nikaenda kununua nyingine. Nati nikaikaza kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya kuazima 216 Nm, nikaugonga mdomo wake kwenye mfereji, tukatoka road. Kona zote kimya! Shemeji anashangilia.

Hatujafika hata kilomita moja taa ya ABS, zile breki zinazozuia tairi kuganda, ikawaka.

Nikazima nikawasha, ikazimika, nikatembea kidogo ikawaka tena. Nikadhani nimekata waya wa sensa inayosoma mzunguko wa tairi, nikaangalia mzima, plagi imekaa. Sasa hizi Toyota zina ujanja wake, ile plagi ya kupimia chini ya usukani unaunganisha Tc na CG, tundu la 13 na la 4, mimi nilitumia klipu ya karatasi, ukiweka swichi on taa ya ABS inakonyeza kodi. Hesabu vizuri matundu usije ukaunganisha mengine ukaunguza vitu. Ikakonyeza mara tatu, ikatulia, ikakonyeza mara moja. 31, sensa ya mbele kulia. Yaani palepale nilipokuwa nimeshika.

Nikaichukua jointi ya zamani kwenye ndoo nikaifuta kwa dizeli. Shingoni ina ringi ya chuma yenye meno kuizunguka yote, sensa inasoma meno hayo. Nikachungulia ile mpya na tochi, tupu, laini kama chupa. Sensa ilikuwa inakodolea chuma kisicho na meno, ikaona tairi la kulia limesimama wakati mengine matatu yanakimbia. Nikawaza nihamishe ringi ya zamani, haina hata pa kukaa maana mpya haijachongwa bega la kuishikilia.

Jumatatu nikarudi dukani. "Kaka mbona hukusema gari yako ina ABS?" Nikamuuliza na wewe mbona hukuniuliza, unauza aina mbili za gari hilohilo unanyamaza? Kubadilishiwa hakuna, ishapakwa grisi. Nikatoa 70,000 nyingine ya yenye ringi, safari hii na ya zamani nimeibeba kwenye mfuko, nikaziweka juu ya kaunta nikahesabu meno huku nimeweka alama ya chaki, wateja wengine wananitazama. Zikalingana ndo nikalipa.

Kufunga mara ya pili ilichukua saa moja na nusu, taa ikazima.

Huu ni mwezi wa nne, kona kimya, raba haijavuja, mtetemo hakuna hata nikifika 100. Jointi yenyewe naipa nne kwa tano, klipu sifuri, duka silirudii. Ile isiyo na ringi ninayo bado kwenye boksi lake, mwenye Spacio isiyo na ABS tuelewane bei.