Fito za Springi kwenye Tela: Nimezijaribu Mikindani Mpaka Njia ya Newala

Mtwara kuchele! Wadau, karibuni tena. Leo tupo Mikindani, pembeni ya barabara, chini ya mwembe. Prado hii mnaijua, na tela hili mnalijua: huku jiko, kule kitanda. Kwa mgeni tu, niseme hivi: minada ya korosho ikianza, mwezi wa kumi hivi, mimi na mama watoto tunalivuta mpaka Tandahimba, Newala, Masasi. Watu wakishalipwa wanataka kuku. Sisi tunao.

Sasa wengi mliniuliza, kaka, mbona gari lako likifungwa tela linainua pua kama boti inayoondoka? Kweli kabisa. Usiku madereva wa mbele walikuwa wananimulika wakidhani nimewasha taa kubwa, kumbe ni taa za kawaida, zinatazama minazi. Na usukani unakuwa mwepesi mpaka unaogopa.

Nisikilizeni hapa. Pua ya tela inakaa kwenye hii gololi ya toubaa, yaani chuma cha kuvutia nyuma ya gari, na gololi iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwangu mimi mita 1.2. Pua ina kilo 190. Ukikandamiza hapa, gari linakuwa kama ile bembea ya ubao: nyuma inashuka, mbele inanyanyuka. Prado hii kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.79. Piga hesabu. Mbele zinaondoka kilo 80 na kitu, na nyuma haibebi 190, inabeba 270. Na tairi za mbele ndizo zinazokata kona, ndizo zinazofanya kazi kubwa ukikanyaga breki.

Dawa niliyonunua ndiyo hii. Kichwa cha chuma kinachoingia kwenye toubaa, na fito mbili za springi, hizi nene, zinatoka kichwani kurudi nyuma sambamba na mikono ya tela, hivi vyuma vya mbele vinavyoishia kwenye pua. Unazivuta juu kwa mnyororo, zinapinda kidogo, na kule kupinda kunalirudisha gari chini kwa mbele. Fikiria toroli. Ukinyanyua mikono yake, mzigo unahamia gurudumu la mbele. Basi hapa gari ndilo toroli, fito ndiyo mikono. Uzito mwingine unarudi kwenye ekseli ya tela lenyewe.

Ila tusidanganyane: kifaa hiki hakiongezi uwezo wa gari hata kilo moja. Kama gari lako au toubaa yako imeandikiwa tani moja na nusu, ufunge fito kumi, ni tani moja na nusu ileile.

Bei sisemi, shemeji yangu anaangalia hizi video.

Kabla ya kununua, pima pua ya tela yako. Mimi sina mizani, nikaenda kwa mtu wangu wa ghala la korosho, ana ile mizani ya kupimia magunia. Tukaegesha pua juu yake, tela likiwa limenyooka, na mzigo wote ndani: mitungi ya gesi, majiko, tangi la maji limejaa. Lita 100 ni kilo 100, usilisahau tangi. Ikasoma 190. Tela zima ni kilo 1,600, kwa hiyo ni kama asilimia 12. Inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15. Fito zangu zimeandikwa uzito wa pua hadi paundi 600, yaani kilo 272, zinatosha. Usichukue kubwa kwa sifa. Fito ngumu mno kwenye tela jepesi zinapiga fremu mpaka inapata nyufa.

Kufunga, sasa. Hapa nililia. Kitu hiki kimetengenezwa kwa magari ya Marekani, na toubaa zetu nyingi ni bamba lenye gololi ya kufunga kwa boliti, halina tundu la mraba la kuingiza kile kichwa. Ikabidi nibadili toubaa nzima. Halafu gololi iliyokuja nayo ni ya inchi 2, yaani milimita 50.8. Mdomo wa tela langu, ule unaoshika gololi, ni wa milimita 50. Mtu atakwambia, aa, si ni ileile tu? Siyo ileile! Mdomo ulikaa juu, haukujifunga. Ningeondoka vile, tela lingebaki Naliendele na mimi nipo Nanguruwe. Nikatafuta gololi ya 50.

Tena, tela lako liwe na mikono miwili inayokutana mbele. Yale ya mti mmoja katikati, minyororo haina pa kushika. Na kama tela lina breki ya kusukuma, ile pua inayoingia ndani gari likipunguza mwendo, muulize aliyelitengeneza kwanza, maana fito zinaweza kuizuia isiteleze.

Kupima kama fito zimefanya kazi ni rahisi, utepe wa fundi cherehani unatosha. Sehemu tambarare. Kutoka chini hadi ukingo wa juu ya tairi la mbele: bila tela, sentimita 86. Na tela, 88. Nikavuta fito, 86 na nusu. Hapo nikaacha. Usilazimishe mbele ishuke kuliko ilivyokuwa mwanzo, utaipunguzia nyuma uzito, na kwenye mvua itateleza.

Na mnyororo usipambane nao kwa misuli. Pua ikishajifunga, piga jeki ya tela, inyanyue pamoja na nyuma ya gari, fito zitalegea, funga, shusha. Mguu usiweke chini yake. Fito ikichomoka inavunja muundi. Boliti zote nilizikaza tena baada ya kilomita 80 za kwanza. Mbili zilikuwa zimelegea.

Barabarani? Nimefurahi, nisifiche. Malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini yakinipita, zamani tela lilikuwa linanivuta mkia. Sasa linatikisika kidogo, linatulia. Taa zimerudi barabarani.

Lakini mwaka jana, kabla ya hizi fito, nilipakia mifuko sita ya chumvi, kilo 50 kila mmoja, yote mkiani. Pua ikawa nyepesi. Kwenye mteremko tela likaanza kucheza sindimba, kushoto, kulia, kushoto. Niliachia mafuta, nikashika usukani, sikukanyaga breki kwa nguvu, likatulia lenyewe. Mama watoto hakusema neno mpaka nyumbani. Ile ilikuwa dhambi ya kupakia, na fito zisingeniokoa. Mzigo mzito uweke juu ya ekseli au mbele yake kidogo.

Kinachoniudhi ni uchafu. Kichwa kinataka grisi, grisi inataka mchanga, na huku kwetu mchanga haukosekani. Nilikwenda na tela pwani kule Msimbati, nikarudi linalia kama mlango wa zamani.

Na kwenye makorongo ni hatari. Gari likiingia shimoni na tela bado liko juu, fito zinapinda kupita kiasi. Bano langu moja la kushikia mnyororo limepinda, hili hapa, mnaliona? Kosa langu, niliona uvivu kushuka kuzifungua.

Haya, mbele kule wanajenga barabara, kuna mchepuko wa vumbi na mashimo. Dogo, niletee jeki. Tunazifungua hizi fito hapa hapa kabla hatujaingia.